Tunalala Chumba Kimoja, Hatujuani



Katika gazeti la muhula uliopita nilisoma habari za usafi wa bweni, habari za nidhamu na habari za mchezo wa netiboli. Yote hayo ni mambo mema, wala siyapingi. Lakini liko jambo moja ambalo sijaliona likiandikwa, nalo latugusa sote tulalao mabwenini: ya kwamba twaishi pamoja miaka minne, kitanda juu ya kitanda, na wengi wetu twaondoka bila kujua mwenzetu ni nani.

Maoni yangu ni haya. Shule itenge saa moja kila juma, katika kila bweni, ili wanafunzi wasimuliane habari za maisha yao wenyewe. Sisemi hadithi za sungura na fisi, ingawa nazo nazipenda sana. Nasema habari za kweli: mtu alikozaliwa, aliyemlea, safari iliyomleta hapa, kazi afanyayo mama yake, siku aliyoingiwa na hofu, siku aliyocheka mpaka akaketi chini.

Mtazame msichana alalaye kitanda cha pili kutoka kwako. Wajua alikuwa wa ngapi katika mtihani wa mwisho wa mwaka. Wajua kama hulipa sabuni aliyoazima au halipi. Wajua na kabila lake, maana hilo ndilo swali la kwanza aulizwalo njuka hata kabla hajalishusha tranka lake mlangoni. Kisha kabila hilo hugeuzwa kuwa tabia yake. Akiwa Mkinga, ataambiwa ni bahili wa kuzaliwa. Akiwa Mnyakyusa, ataambiwa ana majivuno. Akitoka kwa wafugaji wa bonde la Usangu, ataulizwa kila asubuhi ng'ombe wamelala wapi. Na akiwa Mhehe, basi siku akinuna kidogo tu, mtu atapaza sauti, "Ficheni kamba!" na bweni zima litacheka.

Mimi si adui wa utani. Utani ni mali ya nchi hii. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Lakini mtani wa kweli anaijua nyumba yako. Ukifiwa huja, akafanya kazi yake ya mtani msibani, akachokoza waliao mpaka wakatabasamu, akasaidia na kazi za maziko. Utani wake una wajibu ndani yake. Utani wetu wa bwenini hauna wajibu wowote, ni maneno ya kumrushia mtu tusiyemjua.

Mwezi wa Julai mwaka jana, umeme ulikatika wakati wa maandalio ya usiku, nasi tukarudishwa mabwenini mapema. Ilikuwa baridi ile ambayo watu wa Makete na Mufindi waijua, ya kumfanya mtu avae soksi mbili na sweta ya jirani. Hatukuweza kusoma wala kulala, tukaanza kuzungumza gizani. Mtu mmoja akaleta mzaha ule wa kamba. Ndipo msichana mmoja, ambaye simtaji jina, naye ameniruhusu kuandika haya tu niandikayo, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba angependa kutueleza habari za mjomba wake. Akasimulia jinsi mjomba huyo alivyomlea, alivyombeba begani kuvuka Mto Ruaha Mdogo wakati wa mvua, alivyomfundisha kupiga mluzi ingawa bibi alikataza wasichana kupiga mluzi. Kisha akasimulia asubuhi ile walipompata shambani.

Alisema kwa muda wa nusu saa hivi. Hakulia. Alipokwisha, palikuwa kimya, halafu msichana mwingine kutoka Rungwe akaanza kueleza habari za kaka yake. Tulikaa mpaka umeme uliporudi, na uliporudi, mtu aliinuka akaizima taa.

Tangu usiku ule sijasikia neno kamba likitajwa kwa mzaha katika bweni letu. Hakuna kiranja aliyelipiga marufuku. Halikuandikwa ubaoni wala halikutangazwa mstarini. Shule yetu ina sheria nyingi za kukataza matusi na dharau, na sheria hizo twazikariri, walakini sijaona sheria iliyofanya kazi kama nusu saa ile.

Huenda mtu akasema kwamba kusimuliana maisha namna hii ni jambo geni, la kuiga nje. Hapana. Mwalimu wetu wa historia alitueleza habari za vijiji vya rika vya Wanyakyusa, nami tangu siku hiyo sijaacha kuviwaza. Wataalamu wawili wa mila, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu cha Kiingereza kiitwacho Good Company. Aeleza ya kwamba zamani mvulana alipofika miaka kumi au kumi na mmoja, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa hirimu moja, pembeni ya kijiji cha wazazi. Mchana waliendelea kuwasaidia baba zao kazi. Chakula walikula kwa mama zao, tena hawakula mmoja mmoja: kundi zima lilikwenda leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua walioa, wakaleta wake zao katika kijiji kile kile, na baadaye wazee wao wakawakabidhi nchi kwa sherehe kubwa.

Kilichowafunga pamoja watu hawa waliita ukwangala. Neno hili ni gumu kulieleza kwa neno moja la Kiswahili. Ni kukaa pamoja na wenzako kwa mazungumzo mema, kula na kunywa pamoja, kubishana kwa adabu, kumsikiliza mwingine mpaka mwisho. Wanyakyusa waliamini kwamba mtu hupata akili kwa kuzungumza na wenzake walio sawa naye, si kwa kuamriwa na wakubwa tu. Na mtu aliyejitenga na wenzake alitiliwa shaka.

Vijiji hivyo havipo tena. Wanaume walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, kahawa na chai zikaingia mashambani, ardhi ikawa haba. Kadhalika vilikuwa vijiji vya wavulana, na msichana aliingia humo akiwa mke tu. Hilo siliombi lirudi, wala sidhani kama wasomaji wenzangu wa bweni hili wataliomba. Lakini tazameni hali yetu. Sisi nasi tumeacha nyumba za wazazi wetu. Sisi nasi ni wa rika moja, twalala pamoja, twakula pamoja makande yale yale. Serikali imetujengea kijiji cha rika kwa matofali na mabati. Kijiji tunacho, ila ukwangala haumo.

Na shule ya kutia masimulizi ndani ya ratiba nayo iliwahi kujaribiwa, karibu sana nasi. Mwaka 1928 serikali ya Kiingereza ilifungua shule huko Malangali, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Mkuu wake, Bwana W. B. Mumford, alitaka shule isimame juu ya mila za Wahehe, Wabena na Wasangu. Wazee waliitwa shuleni kufundisha mila na habari za kale, na wanafunzi wakacheza ngoma za kwao. Mpango ule haukudumu, na Malangali ya leo ni shule ya sekondari kama nyingine.

Namsifu bwana yule kwa kuona kwamba mzee asiyejua kusoma anacho cha kufundisha. Hata hivyo naona kwamba masimulizi ya namna ile yasingetufaa sisi. Yalikuwa masimulizi ya kabila, siyo ya mtu. Mvulana alisikia habari za mashujaa wa kwao, lakini ni nani aliyemwuliza habari za nyumbani kwao? Habari za Mkwawa sote twazijua: vita vya Lugalo mwezi wa Agosti 1891, kifo chake Julai 1898, fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga. Hizo zimo vitabuni, na mwanafunzi wa Kigoma azisoma sawasawa na mwanafunzi wa Iringa. Habari za bibi yake mwenzangu hazimo katika kitabu chochote, na asipozisema yeye, hazitasemwa. Tena masimulizi ya kabila humwongezea mtu kabila, nasi tunalo la kutosha. Tunachohitaji ni kumwona Mkinga mmoja, kwa jina lake, na duka la baba yake lililoungua, ili tuache kusema "Wakinga".

Asidhani mtu kwamba maisha ya mtu asiye shujaa hayana uzito. Huko Utengule, karibu na Mbeya, walikuwapo wamisionari wa Moravian. Mmoja wao, Bibi Elise Kootz-Kretschmer, aliandika masimulizi ya watu aliowakuta huku kwetu. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mtu mzima aitwaye Narwimba, aliyeishi katika nyakati za vita na biashara ya watumwa mwishoni mwa karne ya 19. Narwimba hakuongoza jeshi. Alisimulia maisha yake tu: jinsi alivyokuwa mtumwa, na jinsi mwanamke asiye na mume wala ndugu wa kumlinda alivyokuwa katika hatari ya kutolewa kama mbuzi. Masimulizi yake yalipigwa chapa kwa Kijerumani, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akayatia katika kitabu chake cha Kiingereza juu ya watumwa na wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu humsoma bibi huyu ili wajue utumwa ulikuwaje hasa. Mtu mmoja alimwuliza, na mtu huyo akanyamaza akasikiliza.

Sasa nageukia wale watakaonipinga, maana najua wapo, nao si wajinga.

Walimu wengine watauliza: na mtihani je? Sisi wa kidato cha nne twafanya mtihani wa Taifa mwezi wa Novemba, na kila saa ina thamani. Najibu kwamba Jumamosi usiku hakuna maandalio. Saa ile huenda kwenye televisheni ya ukumbini, ambayo nusu ya wanafunzi hawaioni kwa sababu wameketi nyuma. Tena si kweli kwamba masimulizi hayana faida darasani. Msichana mmoja wa bweni letu alituambia kwamba babu yake alifanya kazi na Wachina katika ujenzi wa reli ya TAZARA, katika kipande cha kati ya Mlimba na Makambako. Kitabu kilikuwa kimeniambia kwamba reli ile ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kwamba urefu wake ni kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Niliyakariri hayo nikapata maksi zangu. Lakini ni mjukuu wa mtu yule aliyenieleza sababu ya kipande kile kuwa kigumu kuliko vyote: milima, matope, mahandaki na madaraja, daraja baada ya daraja. Na alinieleza kwamba babu yake alirudi nyumbani akijua kuhesabu mpaka kumi kwa Kichina na hakujua neno jingine. Sitaisahau reli ile tena.

Wengine watasema kwamba huu ni umbeya uliopewa ratiba. Wenzetu wa Dar es Salaam wamezoea kutuchekesha kwamba mtu wa Mbeya hakosi umbeya, nasi tumezoea kucheka kwa adabu. Lakini hebu tuupime umbeya ni nini. Umbeya ni habari ya mtu asiyekuwapo, isemwayo na mtu isiyemhusu. Mimi nasema habari ya mtu aliyepo, isemwayo na mwenyewe. Ni vitu viwili vinavyopigana. Palipo na kisa kilichosemwa na mwenyewe, mbeya hana kazi. Umbeya hustawi mahali ambapo watu wanalala pamoja na hawajuani, yaani hustawi hapa hapa kwetu.

Pingamizi la tatu ndilo kubwa, na hapa nataka kwenda polepole, maana najua wazazi watasoma.

Mikoa yetu hii imeumizwa na UKIMWI kuliko mingine mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika watu wazima 100 wa Njombe, karibu 13 wanaishi na virusi. Iringa ni 11, Mbeya ni karibu 10, wakati kwa nchi nzima hawafiki hata 5. Hesabu hizo ni za watu wazima, lakini watu wazima hao wana watoto, na baadhi ya watoto hao ndio sisi. Wako kati yetu waliolelewa na bibi tangu wakiwa wadogo. Huenda wako wanaomeza dawa kila siku kwa saa ile ile, wakitafuta mahali pa kumezea pasipo na macho ya watu. Mzazi ana haki ya kuuliza: mwanangu akilazimishwa kujieleza mbele ya wasichana 40, na kesho yake jambo lake likazungumzwa bombani na jikoni, nani atalirudisha?

Nakubali hatari hiyo ipo, na kwa sababu hiyo naona kwamba mpango huu usiwe wa lazima hata kidogo. Asiyetaka kusema asiseme, wala asiulizwe kwa nini. Atakayesema achague mwenyewe aseme nini. Si mashindano ya machozi. Naogopa sana siku ambayo wasichana wataanza kutafuta msiba ulio mkubwa kuliko wa mwenzao ili wasikilizwe zaidi, na kama tukifika hapo, afadhali turudi kwenye televisheni. Mtu akitaka kusimulia jinsi basi lao lilivyokwama Mlima Kitonga usiku kucha, na jinsi abiria mmoja alivyowauzia wenzake kuku wake aliowachoma kando ya barabara, na asimulie hivyo. Habari kama hiyo humjulisha mtu sawasawa na habari za kifo. Na mwenye kuficha jambo lake ana haki ya kuendelea kulificha huku akicheka na wenzake habari za kuku.

Kadhalika sharti pawe na amana. Lililosemwa bwenini halitoki mlangoni, wala halitumiwi kumtania mwenyewe, wala halisemwi nyumbani wakati wa likizo. Atakayelitoa atakosa nafasi ya kuketi katika mazungumzo mpaka mwisho wa muhula. Adhabu hiyo yaonekana nyepesi, lakini ninyi mliowahi kukaa bweni mwajua uzito wa kuwekwa nje ya mlango wakati wenzako wanacheka ndani. Na mtu akisema jambo zito, la kudhulumiwa au la kutaka kujidhuru, hilo lisibaki kwa watoto wenzake peke yao. Dada mkuu wa bweni amsindikize kwa matroni au kwa mwalimu wa ushauri usiku ule ule. Nimeona ni vyema kuliandika hili waziwazi, maana siri ya aina hiyo siyo amana, ni mzigo.

Limebaki jambo la lugha. Shuleni kwetu ni kosa kusema Kiswahili kuanzia asubuhi mpaka jioni, na sababu yake twaijua, kwamba mitihani ni ya Kiingereza na ulimi sharti uzoee. Siombi sheria hiyo ifutwe. Naomba tu saa hii moja isamehewe. Kiingereza changu chaniwezesha kueleza jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake. Hakiniwezeshi kueleza jinsi mama alivyonyamaza aliposikia kwamba nimechaguliwa kuja shule hii, kwa sababu mama alinyamaza kwa lugha nyingine. Kiswahili ni chetu sote, wa Tunduma na wa Tanga. Hata salamu za kwetu ziruhusiwe hapo: mmoja aanze na "kamwene", mwingine na "ugonile", kisha habari yenyewe iendelee kwa Kiswahili ambacho kila mtu ataisikia. Marehemu Shaaban Robert alitutangulia katika hili. Aliandika Maisha Yangu kwa Kiswahili, akaeleza ndoa yake, misiba yake na kazi zake za ukarani, na aliyekisoma kitabu hicho hawezi kusema kwamba mtu hujivuna kwa sababu tu amesema juu yake mwenyewe.

Hesabu ya muda nimeipiga. Bweni letu lina wasichana 40. Wakisema watatu kila Jumamosi, kila mmoja robo saa hivi na maswali kidogo, bweni zima litakuwa limemaliza kwa majuma 14, nao muhula una zaidi ya hayo. Viranja waketi sakafuni kama wengine, wala asiwepo wa kuandika kitu. Nafasi zikibaki, tuwaalike na wakubwa. Mlinzi wetu wa lango alikuwa utingo wa malori ya Tunduma kabla hatujazaliwa, naye hupita kila usiku na tochi yake hakuna amwulizaye lolote. Wapishi nao wametupikia uji miaka mingi. Na walimu, kama watapenda, watueleze walikuwaje walipokuwa kidato cha kwanza. Sisemi hili kwa utovu wa heshima. Mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba alilia juma zima alipofika bweni mara ya kwanza ndiye mwalimu ambaye njuka humwendea wakiwa na shida.

Nanyi wazazi, nawaombeni jambo moja. Watoto wenu watakapokuja likizo ya Juni, wengine watakuja na maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza: baba na mama mlikutana wapi, kwa nini tulihama Mbozi, jina hili nililopewa lilikuwa la nani. Msiwaambie kwamba hayo si mambo ya watoto. Wajibuni mnayoweza kuyajibu, na yale msiyoweza, waambieni mtayasema siku nyingine.

Ombi langu la shule nzima nimelipeleka kwa Mwalimu Mkuu kupitia dada mkuu, nalo linangoja kikao cha walimu. Sisi wa bweni letu, kwa ruhusa ya matroni, tutajaribu kwanza. Tutaanza Jumamosi ya kwanza baada ya likizo, saa mbili usiku, katika nafasi ile iliyo kati ya vitanda na mlango, na kila mtu aje na blanketi lake. Karatasi ya majina imekwisha bandikwa nyuma ya mlango. Wa kwanza kujiandikisha ni msichana wa kidato cha kwanza kutoka Mbarali, katika Usangu, naye amesema ataeleza habari za ng'ombe mmoja. Mimi ni wa tatu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne